Mume kakubali nigombee udiwani, ukweni wanasema mkamwana hasimami jukwaani mbele ya baba mkwe. Nishaurini

MamaNdizi_Tukuyu

Shikamooni wakubwa, wa rika langu mambo vipi, wa Iringa kamwene, wa huku mugonile. Naombeni msome mpaka mwisho maana hili sina pa kulisemea, marafiki zangu wengi ni wa kanisani na baba mkwe anasali hapo hapo.

Mi ni Mhehe wa upande wa Kilolo, nimeolewa huku Rungwe kwa Wanyakyusa tangu 2011, ndoa ya kanisani, ng'ombe zilitoka, wazee wa pande zote walikaa wakaridhiana. Tuna watoto watatu. Kazi yangu nanunua ndizi kwa wakulima napakia kwenda Dar, mume ana karakana ya kuchomelea hapo mjini.

Kwa hii biashara nimeshatembea kata nzima, vitongoji vyote, kuna sehemu hata diwani aliyepo sidhani kama anapajua. Masika gari haipandi, ndizi zinakaa barabarani zinaiva hapo hapo, mkulima anauza mkungu kwa bei ya kutupa kwa sababu akirudi nao nyumbani ni hasara tupu. Zahanati yetu haina chumba cha kujifungulia, mama akishikwa uchungu usiku ni boda mpaka hospitali ya wilaya, na boda usiku kwenye utelezi wa huku na mvua yetu hii mnaijua wenyewe. Halafu ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambayo nne ni ya vikundi vya wanawake, vikundi vyetu vinaandika maombi yanakaa tu, wakienda kuuliza wanaambiwa njooni wiki ijayo. Ndo kina mama wa vikundi wakanifuata wakasema wewe unajua kuongea na unatujua, Oktoba hii gombea. Nikalala nalo muda mrefu, nikamwambia mume, akasema sawa, nenda, nitakuwa nyuma yako.

Shida imeanza baba mkwe aliposikia. Akaita kikao cha ukoo, mi sikuitwa, mume akaitwa. Jibu lililorudi ni kwamba mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe akapaza sauti, mila haijawahi kuruhusu, na mimi nikipanda jukwaani mzee atakuwa amevuliwa nguo mbele ya kijiji. Wakaongeza kwamba ng'ombe zilitolewa nije kujenga mji na sio kuzurura usiku kwenye vikao na wanaume, na kama naona siasa ni tamu basi nikagombee kwetu.

Nimempigia kaka yangu Kilolo. Kaka ananiambia dada wewe ulishatoka, huku watu watasema huyu ameolewa Unyakyusani anakuja kutafuta nini, kagombee kwa mumeo. Sasa mi kwetu ni wapi jamani? Kwa wazazi ni mtu wa kule, kwa mume ni mtu wa kuja. Watoto wangu wana jina la ukoo wao, shamba la migomba nimelilima mimi, mama mkwe alipopooza nilimuuguza mimi mpaka anafariki, lakini likija suala la uongozi nakuwa mgeni wa juzi.

Na kinachoniuma kuliko vyote ni mume. Chumbani anasema gombea. Kwenye kikao alinyamaza. Nimemuuliza kwanini hukusema chochote, akasema wale ni wazee huwezi kuwajibu. Nampenda mume wangu, ni mtu mwema sana, sitaki ndoa ivunjike. Ila na hii kitu sitaki kuiacha. Nishaurini kwa heshima, wenye kejeli mnipitie tu.

---

Mdau_Mafinga

Dada chukua fomu. Rais ni mwanamke tangu 2021, miaka mitano Spika alikuwa mama wa Njombe, Anne Makinda, kuanzia 2010, na kuanzia 2022 mpaka 2025 Spika alikuwa Dk. Tulia Ackson ambaye ni mzaliwa wa huko huko Rungwe na 2020 kachukua jimbo la Mbeya Mjini kwa kupigiwa kura. Hao wazee wanamshangilia Tulia akija Tukuyu halafu mkamwana wao wanamkataza? Komaa.

---

Fundi_Makambako

Mi nitakuwa tofauti kidogo na naomba nisitukanwe maana naongea kwa kitu nilichokipitia.

Mke wangu alishawahi kuingia kwenye mchakato wa udiwani, kata siitaji. Mimi mwenyewe ndo nilimruhusu, tena kwa moyo mweupe kama huyo mumeo. Sikujua siasa inaingiaje ndani ya nyumba. Vikao vya wajumbe wa chama wanaopitisha mgombea ni usiku, simu inaita saa sita mtu anataka nauli, mwingine ana mgonjwa, mwingine anasema mwenzako jana katuachia kitu wewe unatuachia nini. Watoto wakawa wanakula kwa jirani. Na mtaani maneno yakaanza, kwamba mkeo anaonekana na fulani, kwamba bila kulala na wakubwa mwanamke hapiti. Mimi nilikuwa najua ni uongo lakini ukisikia uongo ule ule kijiweni, sokoni, mpaka kwa mdogo wako wa tumbo moja, unaanza kumwangalia mkeo vibaya, hiyo ndo kweli ya Mungu.

Kura hazikutosha. Baada ya hapo ndo nikaja kujua ana mikopo kausha damu sehemu kadhaa, marejesho ya kila wiki, kachukua bila kuniambia kwa sababu alitaka awahonge wale wajumbe soda na vitenge. Tuliuza pikipiki, tukauza miti ambayo ilikuwa ada ya watoto. Ndoa ipo, namshukuru Mungu, ila haijarudi ilivyokuwa.

Kwa hiyo dada usiwaone hao wazee kama maadui tu. Mzee anaweza asijue kulisema vizuri, akasema mila mila, lakini anaogopa kitu ambacho kipo. Mi nakuuliza maswali mawili tu, hela utatoa wapi, na wewe usiku ukiwa kwenye vikao nani atakuwa na watoto? Kama majibu unayo basi mi sina neno.

---

MamaNdizi_Tukuyu

Kaka Fundi asante sana na pole kwa yaliyowakuta, sijachukia hata kidogo. Hela nina akiba yangu ya mzunguko wa ndizi na VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tunavunja kabla ya kampeni. Nilikuwa nafikiria kuongeza mkopo wa benki kwa kuweka nyumba dhamana ila bado sijamwambia mume. Watoto mkubwa ana miaka 12 na mdogo wangu wa kike anaishi na sisi.

---

Wakili_Uyole

Nimesoma hapo kwenye nyumba nikaona nisipite kimya. Usifanye hivyo. Kwanza kisheria huwezi peke yako, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Pili hata akiridhia, kiti cha udiwani hakirudishi mkopo wa nyumba. Diwani hana mshahara kama mnavyodhani huku mtaani, ana posho. Kampeni ipigwe kwa hela ambayo ikipotea watoto wanaendelea kusoma.

Sasa upande wa haki yako. Hakuna sehemu yoyote kwenye sifa za mgombea inayomtaka mwanamke alete ridhaa ya mume, baba mkwe au ukoo. Ni uraia, umri wa miaka 21, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe mwanachama uliyedhaminiwa na chama. Udiwani unaongeza kwamba uwe mkazi wa eneo la halmashauri hiyo. Hapo ndo jibu la wale wanaokwambia kagombee kwenu linapatikana, wewe makazi yako ni Rungwe, Kilolo huna sifa ya udiwani hata kaka yako angekupigia ngoma upite. Ubunge ungeweza kwenda jimbo lolote, udiwani hapana. Kwa hiyo kisheria kwenu ni hapo ulipo, na hilo likumbushwe kwenye kikao kwa adabu.

Nimeona pia hofu ya shamba, hukuisema wazi ila najua itakuja, maana huwa inakuja. Watakwambia ukiendelea utatoka na nguo zako tu. Shamba la ukoo kweli lina utata, lakini kifungu cha 114 kinaruhusu mahakama kuangalia mali ambayo mmoja alikuja nayo kwenye ndoa halafu ikaendelezwa kwa nguvu ya mwenzake au ya wote wawili. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Siyasemi haya ukayatumie kama fimbo, ndoa yako ipo hai na naomba ibaki hivyo. Nayasema ili ukiwa unaongea nao usiongee kwa woga wa kufukuzwa.

La mwisho, Fundi kagusa maneno ya kulala na wakubwa. Mtu yeyote mwenye mamlaka akikutaka kimapenzi ili akupitishe, hiyo ni rushwa ya ngono, ipo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kifungu cha 25, nenda TAKUKURU. Tunza meseji zote. Wanawake wengi wanazifuta kwa aibu halafu ushahidi unakuwa umepotea.

---

Neema_Njombe

Mi naona kuna njia ya kati, kwanini usiende viti maalum? Huko unapigiwa kura na wanawake wenzio ndani ya jumuiya ya wanawake ya chama, hakuna jukwaa la kijiji, hakuna baba mkwe kukaa chini kukusikiliza, wazee roho zao zinatulia na wewe unaingia baraza la madiwani. Mama Samia mwenyewe mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi kwa viti maalum, akaja kuchukua jimbo la Makunduchi 2010, leo yuko wapi. Viti maalum sio aibu, ni mlango.

---

Aliyewahi_Kugombea

Neema nakuelewa ila kuna kitu nataka mkione. Niligombea kata huku Kyela, nilishindwa, na viti maalum navyo navifahamu.

Diwani wa kata ndo mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata. Barabara ipi ianze, zahanati ipi iombewe chumba, inaanzia mle. Viti maalum unaingia baraza la halmashauri na unapiga kura, sawa, lakini kwenye kata yako mwenye kiti ni mwingine na kama hampendani atahakikisha hujui hata kikao ni lini. Na hiyo njia ya kati wanaume wanaipenda mno, kila mwanamke akitaka kata anaambiwa nenda viti maalum waachie wanaume kata, mwisho wa siku Katiba iliposema wabunge wanawake wasipungue asilimia 30 watu wakaifanya kama ndo dari, kwamba mkishafika hapo inatosha.

Nije kwa Mdau wa Mafinga. Kaka nashukuru kwa moyo wako, ila mifano ya Rais na Spika haimsaidii huyu dada, kiukweli kabisa. Uongozi unavyozidi kuwa mkubwa unakuwa mbali na ukweni. Mbunge anaishi Dodoma, anakuja na gari, anahutubia uwanja, anaondoka. Diwani anachota maji bomba moja na shangazi wa mume. Anakutana na baba mkwe njiani akitoka shamba ana jembe begani. Kila anayemkasirikia diwani anajua wapi pa kwenda kushitaki, anaenda kwa mzee, anamwambia mzee huyo mke wa mwanao katunyima hiki. Mimi ndo kilichonimaliza. Wapinzani wangu hawakunijibu jukwaani, walikuwa wanakwenda jioni kwa baba mkwe na chupa ya pombe, wanamwonea huruma, mzee pole, mji wako umeshikwa na mwanamke. Mzee akaja kutangaza mwenyewe kilabuni kwamba hanitambui. Nani akupigie kura baba mkwe amekukana?

Kwa hiyo dada yangu usiende kuchukua fomu wakati mzee amenuna. Sikwambii uache, nakwambia kampeni yako ya kwanza ni ndani ya ukoo na uifanye mapema kuliko ya wajumbe. Na mumeo akinyamaza huko ukweni umeshapoteza kabla hujaanza. Mimi wa kwangu naye alinyamaza, alikuwa ananiunga mkono kweli kweli lakini kimya kimya, na watu wakatafsiri kimya chake kwamba hata yeye hataki.

---

Mzee_wa_Kiwira

Binti yangu MamaNdizi, marahaba. Mimi ni Mnyakyusa, nina miaka 71, nina wakamwana wanne. Mjukuu wangu ndo ananiandikia haya ninavyosema.

Hiyo mila ipo na wala wasikudanganye kwamba wazee wameitunga juzi. Enzi za mama zangu mkamwana hakumtazama baba mkwe usoni, hakumtaja jina, hata neno lililofanana na jina lake alilikwepa akatafuta lingine. Akimwona anakuja njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite. Hawakai nyumba moja, hawali pamoja. Na ndo maana zamani sisi vijana wa kiume tulihama kwa baba zetu, tukajenga kijiji chetu cha rika, tukaoa huko. Wazungu walipokuja walishangaa kijiji kizima cha watu wa umri mmoja. Sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo, baba na mke wa mwanae wasichanganyikane, pasitokee aibu ambayo ukoo hauwezi kuifuta.

Sasa sikiliza vizuri. Mwiko huo ni wa watu wawili. Mkamwana anamkwepa baba mkwe na baba mkwe naye anamkwepa mkamwana. Mzee mwenye adabu akisikia sauti ya mkamwana uani anakohoa, anazunguka njia nyingine, anamwachia nafasi amalize kazi yake. Mimi nilimwona baba yangu akikaa shambani mvua inanyesha kwa sababu mke wa kaka yangu alikuwa jikoni karibu na njia. Hakumwambia atoke jikoni, alisubiri yeye. Kwa hiyo anayesema mila inamkataza mkamwana kusimama, amechukua nusu ya mila. Kama mkutano upo na wewe unahutubia, mila inamtaka mzee asikae mbele yako. Aende zake kwa heshima, au akae pembeni kabisa na wazee wenzake. Hakuna aliyevuliwa nguo hapo.

Na mwiko ulihusu mwili na nyumba. Haukuhusu kazi ya watu. Huku kusini mama anaongoza hata kabla ya serikali hii, Ungoni alikuwepo Mkomanile, ni kiongozi, Wajerumani walimnyonga Songea 1906 pamoja na wanaume wa Majimaji. Walimnyonga kwa sababu walijua watu wanamsikiliza.

Halafu nikuulize, kanisani huwa husimami ukasoma matangazo au ukaongoza kina mama? Baba mkwe hapo huwa anatoka nje?

Na nikuulize lingine unijibu kweli. Kuna mwanaume yeyote wa ukoo huo anayekitaka hicho kiti? Nimekaa kwenye vikao vingi vya ukoo, mila ikikumbukwa ghafla namna hiyo huwa naangalia nani kakaa kimya kwenye kona.

---

MamaNdizi_Tukuyu

Baba shikamoo. Nimesoma nikalia kwa kweli, hakuna mtu alishawahi kunieleza mila ya huku hivyo, mi nilipoolewa niliambiwa tu usifanye hiki usifanye kile.

Kanisani ndio, mimi ni katibu wa kina mama, kila Jumapili ya kina mama nasimama mbele nasoma ripoti na baba mkwe anakuwa amekaa upande wa wazee, hajawahi kutoka, na mara ya mwisho alimwambia mume kwamba ripoti ilikuwa imenyooka.

Na hilo la pili... yupo. Mtoto wa baba mdogo wa mume. Ni kijana wa chama muda mrefu, mwaka jana Novemba kwenye serikali za mitaa aliomba uenyekiti wa kijiji hakupitishwa na chama, sa hivi anasema zamu hii ni kata. Kwenye kikao alikuwepo, mume kaniambia hakuongea neno. Mi sikuwahi kuyaunganisha.

---

Fundi_Makambako

Aisee. Hapo mzee wa Kiwira kaona mbali. Mimi nabaki kwenye lile langu la hela na watoto, na natumaini nyumba imetoka kwenye mahesabu. Ila kama kuna ndugu anamtumia mzee kama ngao basi hiyo sio mila tena, na mume wako anatakiwa aamke. Namwambia kama mwanaume mwenzangu, kama atalisoma hili, ndugu yangu kunyamaza kwako hakumlindi mkeo wala hakumheshimu mzee. Mimi niliongea nikiwa nimechelewa.

---

Binti_Sangu

Niulize tu, je huyo kijana wa baba mdogo hana haki ya kugombea? Maana tusije tukamgeuza adui. Na yeye ni mwanachama, na yeye kazaliwa hapo. Mi nilivyoona huku Mbarali ndugu wawili wakigombania kata moja, ukoo uligawanyika mpaka misiba hawazikani. Hilo nalo mliangalie jamani, wanawake wakipata kiti halafu watoto wakakosa babu na ndugu na lenyewe ni hasara.

---

Mzee_wa_Kiwira

Binti wa Usangu umesema neno la kiutu uzima. Kijana ana haki, tena sawa sawa na ya mkamwana. Wakutane kwenye kura za chama, anayeshinda mwingine amwombee kura, ukoo ukubali hivyo mbele ya wazee kabla fomu hazijatoka. Ambalo si haki ni yeye kupita bila kupingwa kwa sababu mwenzake amefungwa mdomo na mzee.

MamaNdizi, usiende wewe kwa mzee. Wala usimtume mumeo peke yake, atanyamaza tena, kijana wetu wa siku hizi mbele ya baba anakuwa mdogo sana. Mtafute mshenga aliyesimamia ndoa yenu, kama yupo hai. Yule ndiye aliyepeleka maneno wakati ng'ombe zinahesabiwa, ana haki ya kurudi kusema kuna jambo limechafuka kwenye mji tuliojenga. Aende na mumeo, na aende na dada wa baba mkwe, shangazi. Kwetu dada mtu anamwambia kaka yake maneno ambayo mtoto hawezi. Wasianze na udiwani. Waanze na yule mama uliyemuuguza, mzee akumbuke nani alikuwa anamgeuza kitandani. Halafu waombe kibali kimoja tu, kwamba mzee abariki mkamwana kufanya kazi ya watu kama anavyofanya kanisani, na siku za mikutano atakaa anapotaka yeye, hakuna atakayemburuza jukwaa kuu. Mumeo aseme kwa mdomo wake, baba mimi ndiye nimemruhusu. Sentensi hiyo asiseme mshenga, aseme yeye. Akishindwa hiyo moja basi binti yangu usichukue fomu mwaka huu, maana huko mbele kuna magumu kuliko hayo.

---

Wakili_Uyole

Naunga mkono na naongeza kidogo kwenye hoja ya usiku. Mikutano ya kampeni ya hadhara kisheria mwisho ni saa 12 jioni. Vya usiku ni vikao vya ndani na mara nyingi ndo mahali pa bahasha. Mwambie mzee kupitia shangazi kwamba vikao vya usiku hutakwenda, au utakwenda na mumeo. Kura kadhaa za wajumbe zitakupita, ujue hilo mapema. Lakini hoja ya kuzurura usiku itakuwa imekufa, na sheria ya gharama za uchaguzi ya 2010 itakuwa haikugusi.

---

Neema_Njombe

Kweli dada Aliyewahi_Kugombea umenifungua macho hapo kwenye kamati ya kata, nilikuwa sijui. Ila MamaNdizi ukiona mzee kagoma kabisa, viti maalum mwaka huu na kata 2030 bado ni njia, usiitupe.

---

MamaNdizi_Tukuyu

Nimerudi wapendwa. Jana usiku nilimpa mume simu asome uzi wote, alisoma kimya, alipofika kwa kaka Fundi akarudia mara mbili. Akaniuliza kuhusu mkopo wa nyumba, nikamwambia ukweli kwamba nilikuwa naufikiria, alikasirika kidogo na ana haki, tumekubaliana haupo. Bajeti ni akiba yangu na VICOBA, ikiisha imeisha.

Mshenga wetu yupo, anaishi Katumba. Mume kampigia leo asubuhi, Jumamosi wanakwenda, shangazi kakubali baada ya kuniuliza maswali mengi sana, mpaka kaniuliza nikishinda nani atampikia mgeni wa ukoo akija ghafla, nikamwambia mdogo wangu yupo na mimi mwenyewe vikao vya halmashauri sio kila siku. Akasema haya. Yule kijana wa baba mdogo mume anataka aongee naye kabla ya Jumamosi, wawili tu, hapo karakana.

Wanangu nao wameshaanza kuulizwa shuleni eti mama yenu anataka kuwa mwanaume, mkubwa alirudi amenuna. Kwa waliopitia hili, watoto mliwaambia nini?

---

Aliyewahi_Kugombea

Mimi wa kwangu niliwachukua kwenye mkutano mmoja, wa mchana, wakakaa na bibi yao mzaa mama mstari wa mbele. Waliona mama anauliza watu shida zao, watu wanajibu, basi. Baada ya hapo shuleni walikuwa wanajibu wenyewe. Kabla ya Jumamosi nenda shule ukaongee na mwalimu wa darasa, hao watoto wenzao wanarudia ya nyumbani kwao tu.